Waya wa Mamduh

Mume wangu Raouf alianza kulalamika kuhusu ganuni mwishoni mwa majira ya baridi, mwaka ule aliostaafu idara ya maji. Alikuwa na santuri moja ya ganuni tupu, kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani, ya mpigaji aliyekufa bila kupata jina, aliyoinunua kabla hatujaoana. Kila Ijumaa akitoka msikitini aliiweka, akakaa kwenye kochi lake, akafumba macho. Ijumaa moja aliyafumbua kabla upande wa kwanza haujafika nusu.

"Inshirah," akaniita. "Njoo usikie. Ganuni imekufa."

Nilikuwa nakatakata majani ya mlukhia. Nikaja na kisu mkononi, nikasimama mlangoni, nikasikiliza. Ganuni ilikuwa hai kama siku zote, kila pigo likigonga uzi wake.

"Mimi naisikia," nikasema.

"Unaisikia, huisikilizi. Ule mng'aro wa juu haupo. Kama mtu ameifunika blanketi."

Nikamwambia afute vumbi kwenye sindano, nikarudi jikoni. Mimi ni mwalimu wa fizikia, miaka ishirini na minane nimefundisha wasichana wa sekondari hapa Shubra, na mtu akiniambia chombo kimeharibika mimi huanza na vumbi. Akafuta vumbi. Akabadilisha sindano. Akasogeza spika mbali na ukuta, akazirudisha. Mwezi uliofuata akampigia simu Mamduh.

Mamduh ana duka la vyombo vya muziki kule Zamalek, duka lenye zulia na makochi ya ngozi, ambako hutajiwi bei mpaka umalize chai. Spika zetu Raouf alizinunua kwake, kwa kiinua mgongo chake. Akaja Jumanne moja, viatu vinang'aa, ananukia udi, nami nikamwekea chai na sahani ya basbusa, keki yangu ya semolina. Nilichokiona siku ile nataka nikieleze taratibu, kwa sababu nimeulizwa mara nyingi kama nina hakika. Nina hakika.

Amplifaya yetu ina kitufe cha kugawa sauti. Ukikizungusha kulia, spika ya kulia inapata zaidi. Kushoto, hivyo hivyo. Raouf alikuwa amekizungusha kulia mpaka mwisho. Mamduh akakitazama. Akakirudisha katikati kwa kidole kimoja, akauliza, "Sasa je, Pasha?"

"Sasa upande wa kulia umelala," Raouf akasema.

Mamduh akakizungusha kulia tena. "Na sasa?"

"Hapo afadhali."

Mimi nilisikia spika ya kulia ikipiga kelele peke yake, na nikadhani ni mambo yao ya kitaalamu. Lakini Mamduh hakuwa akitazama spika. Alimtazama Raouf, na hakumtazama usoni, alitazama sikio lake. Raouf alikuwa amegeuza kichwa, sikio la kushoto mbele, kama kuku anayechungulia punje. Kisha Mamduh akatabasamu, akachukua kipande cha basbusa, akasema, "Ni waya."

"Waya gani?" nikauliza.

"Unaotoka kwenye amplifaya kwenda kwenye spika, Mama Nihal. Huu mlio nao ni waya wa taa. Pasha ana spika za kifalme, halafu anazilisha kwa mrija wa juisi."

Raouf akacheka. Wiki ile ile akanunua waya wa kwanza.

Nikiri kwamba wiki mbili za mwanzo alifurahi kweli. Alisema ganuni imerudi, alisema anasikia hata mpigaji akivuta pumzi. Aliniita jikoni mara nne ili nisikie hiyo pumzi. Kisha blanketi likarudi. Mamduh akasema waya ule ni mzuri kwa anayeanza, lakini masikio ya Pasha yamekwisha kukua, yanadai zaidi. Ndivyo alivyosema, masikio yamekua. Waya wa pili ulikuwa mnene kama mpira wa kumwagilia bustani, umevishwa nguo ya kusukwa, na ulikuja na vigogo vidogo vya mbao vya kuupandishia juu, eti usiguse sakafu. Bei yake ilikuwa mshahara wangu wa miezi mitano.

Hapo ndipo vita vilipoanza nyumbani.

"Shaba ni shaba," nilimwambia. "Waya wa mita tatu, unene wa kutosha, umeme unapita. Hakuna kitu kingine mle ndani. Nifundishe wewe kama kuna kitu kingine."

"Wewe unasikia kwa kitabu."

"Na wewe unasikia kwa pochi."

"Nini?"

"Nimesema kwa pochi."

"Sema basi, usinung'unike."

Hilo neno "nini" lilinichosha. Mezani, nini. Nikimwita kutoka jikoni, kimya. Binti yetu Nihal akipiga simu kutoka Tanta, baba yake alimsalimia na kunikabidhi simu, eti mtandao mbovu. Televisheni ilipandishwa mpaka jirani wa chini akagonga bomba. Nilidhani ananipuuza. Nilidhani amestaafu kazi, na mimi pia amenistaafu. Basi nikazidisha maneno, naye akazidisha waya. Nilimchorea michoro kwenye karatasi za mitihani, nikamwandikia hesabu ya ukinzani, nikambandikia kwenye jokofu. Ile karatasi ilikaa pale mwaka mzima, imejaa madoa ya mafuta, kila namba juu yake sahihi.

Waya wa tatu Mamduh alisema atauleta mwenyewe, Ijumaa, auonyeshe mbele ya marafiki wa Raouf. Rafiki mkubwa ni Labib, karani mstaafu wa reli, Mkristo wa mtaa wa pili, ambaye huja kila Ijumaa na mfuko wa mbegu za tikiti za kukaanga na hubishana na Raouf kuhusu kila kitu isipokuwa muziki. Walikuwepo pia majirani wawili waliokuja kwa ajili ya chai. Mamduh akafungua sanduku lenye kitambaa cha mahameli ndani. Waya umelala mle kama mkufu wa bibi harusi.

"Kabla hujaufunga," nikasema, "nina ombi."

Raouf akafumba macho. "Inshirah."

"Ombi dogo. Nitatundika shuka mbele ya vyombo. Nyuma ya shuka kuna waya wa Ustadh Mamduh, na kuna waya wa taa nilioununua asubuhi kwa fundi umeme hapo chini. Nitabadilisha mara kumi. Nyinyi mtaandika upi mzuri. Labib atakusanya karatasi."

Mamduh akacheka. "Mama Nihal, muziki si mtihani."

"Kama tofauti ni kama usiku na mchana, Ustadh, shuka litaficha nini?"

"Hata mimi nataka kujua," Labib akasema huku akitema ganda. "Reli tulikuwa tunapima kila kitu. Hata mabehewa matupu tulikuwa tunayapima."

"Mkubalie," Raouf akamwambia Mamduh. "Mkubalie mara moja, anyamaze miaka kumi."

Mbele ya watu Mamduh hakuweza kukataa. Nikatundika shuka kwenye kamba. Kitufe cha kugawa sauti nikakiweka katikati, kwa sababu jaribio ni jaribio. Santuri ikawekwa ile ile ya ganuni, wimbo ule ule, na mimi nikapiga magoti nyuma ya vyombo kama fundi.

Raundi tano zilipita vizuri. Nilikuwa nachungulia karatasi za Labib na moyo unanicheza kwa furaha, sitaficha. Jirani mmoja alikuwa ameusifu waya wa taa mara zote. Mamduh mwenyewe aliuandikia waya wa taa "joto, mpana, unapumua" mara mbili kati ya tano. Raundi ya sita nilifanya haraka. Niliufunga ule wa sandukuni, nikaweka sindano, na muziki ulipoanza watu wote wakageuka upande mmoja.

"Kulia kumekufa," Labib akasema.

"Spika ya kulia haitoi kitu," jirani akasema.

Nikatazama. Waya wa kulia ulikuwa umechomoka, ncha yake iko sakafuni. Nilikuwa nanyoosha mkono niurudishe niliposikia sauti ya Raouf.

"Usiguse," akasema. "Huu ndio. Acha hivyo hivyo. Huu ndio safi kuliko yote."

Nikatoka nyuma ya shuka. Alikuwa amekaa kwenye kochi, macho amefumba, karatasi gotini, ameandika namba sita na kuizungushia duara. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyepata maji. Hakujua kwa nini chumba kimenyamaza. Akafumbua macho, akatutazama mmoja mmoja.

"Nini?" akauliza.

Labib akainuka, akaenda akasimama kuliani kwa kochi, nyuma kidogo, mahali Raouf asipomwona. Akasema, kwa sauti ya kawaida, "Raouf, ndugu yangu, mbegu zimekwisha?" Raouf hakugeuka. Labib akarudia. Raouf alikuwa bado ananitazama mimi, anasubiri jibu la "nini" yake.

Mimi nilimtazama Mamduh. Mamduh alikuwa anatazama viatu vyake, na hapo Jumanne ile ya basbusa ilinirudia yote, kidole juu ya kitufe, na macho yake juu ya sikio la mume wangu. Alianza kuukunja waya wake. Nikamfuata mpaka mlangoni.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua nini, Mama Nihal?"

"Siku ya kwanza. Ulizungusha kitufe mara mbili. Ulimpima."

Akatazama ngazi, akatazama sanduku lake. "Mimi ni muuza vyombo. Si daktari."

"Hukuhitaji kuwa daktari. Ulihitaji ulimi."

"Mtu wa umri wake ukimwambia masikio yamechoka, unamvunjia kitu ambacho dukani kwangu sina," akasema kwa upole, kama anayenifundisha. "Wateja wangu nusu ni hivyo. Wanakuja wanatafuta ujana wao. Mimi nawauzia furaha."

"Umemwuzia waya."

"Na alifurahi. Mwulize kama hakufurahi."

Nilimsukuma. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, mwalimu, nilimsukuma mtu kifuani kwenye ngazi za ghorofa ya nne. Hakuanguka. Sanduku ndilo lililoanguka, waya ukatoka kwenye mahameli ukateremka ngazi mpaka mlangoni kwa jirani wa chini, naye Mamduh akaufuata akiinama na kuokota.

Niliporudi ndani nilitarajia Raouf amkasirikie yeye. Alinikasirikia mimi.

"Umenidhalilisha," akasema. "Mbele ya watu, nyumbani kwangu. Uliuchomoa makusudi."

"Wallahi ulichomoka."

"Umekuwa ukiningojea mwaka mzima. Haya, umeshinda. Furahi."

Siku kumi na tisa hakusema nami. Nilimwomba aende kwa daktari wa masikio, nikamwandikia kwenye karatasi, nikampigia Nihal naye akalia kwenye simu. Waya wa pili aliutupa kabatini, akafunga ule wa taa, na hakuwasha chombo tena. Alikaa kwenye roshani akitazama njiwa wa jirani. Nami nilikuwa na hasira zangu, na nyingi kati ya hizo zilikuwa juu yake: mtu mzima, mhandisi, anakubali kudanganywa kuliko kukubali kuugua.

Aliyempeleka kwa daktari si mimi, ni tuktuk. Ilimjia kutoka kulia, honi inalia, pale kwenye kona ya soko la samaki, naye akashuka barabarani kana kwamba mtaa ni mtupu. Labib alimkamata ukosi wa shati akamrudisha, vifungo viwili vikaruka. Labib hakubishana. Alisimamisha teksi hapo hapo, akamsukuma ndani, akanipigia simu: "Shuka, tunapita kukuchukua, na usilete maneno."

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani mikubwa. Alimfungia Raouf kwenye kibanda cha kioo, akamvalisha visikilizio, akampa kitufe cha kubonyeza kila anaposikia mlio. Mimi nilikaa nje namwona kupitia kioo. Sikio la kushoto, kidole kilicheza kama cha mtu anayetuma ujumbe. Sikio la kulia, kidole kilikaa. Kilikaa muda mrefu. Raouf alinitazama kupitia kioo na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile hakuwa na hasira, na mimi nikatamani awe nayo.

Akapigwa picha ya kichwa. Wiki iliyofuata daktari akatuonyesha doa dogo jeupe.

"Ni uvimbe kwenye mshipa wa kusikia," akasema. "Si saratani, tushukuru Mungu. Unakua polepole. Ulianza kuona mabadiliko lini, Mhandisi?"

"Mwaka mmoja na miezi kadhaa," Raouf akasema.

"Na ulifanya nini?"

Raouf akatazama lile doa jeupe. Nikajua hatajibu, nikafungua mdomo nimjibie, akainua mkono kunizuia.

"Nilibadilisha waya," akasema.

Daktari alidhani hajasikia vizuri. Hakuuliza tena. Alisema mwaka mmoja nyuma, ukiwa bado mdogo, huenda wangekuwa na nafasi ya kulihifadhi sikio. Hawezi kuapa, lakini nafasi ingekuwepo. Sasa ulikuwa unaelekea mahali pabaya, lazima utolewe, na sikio litakwenda nao. Upasuaji ulichukua saa saba. Uso wake ulilegea upande wa kulia miezi mitatu, kisha ukarudi karibu wote. Usikivu haukurudi.

Mamduh alituma sanduku la halua hospitalini. Nililiweka kwenye meza ya wauguzi bila kulifungua, na siku Raouf alipoweza kukaa na kunywa supu mwenyewe, nikavaa koti langu la shule, nikachukua waya wa pili ndani ya mfuko wa plastiki, nikaenda Zamalek.

Mamduh alikuwa na mteja. Mzee mwembamba, suti ya zamani iliyopigwa pasi vizuri, kijiko cha chai mkononi. Alikuwa anasema sauti ya mwimbaji wake imekwenda mbali siku hizi, kama anaimbia chumba cha pili. Mamduh alikuwa anatikisa kichwa kwa huruma. Aliponiona akasimama.

"Mama Nihal. Pasha anaendeleaje?"

Nikaumimina ule waya juu ya zulia, kati ya vikombe. "Ameondolewa kitu ukubwa wa punje ya dengu kichwani," nikasema. "Ulikiona ulipozungusha kitufe. Ukala basbusa yangu, ukamwuzia huu."

"Nitakurudishia gharama yake, twende ofisini, tuongee kama watu."

"Sitaki pesa yako. Nataka useme mbele ya huyu bwana. Sema kwamba mume wangu alikuja kwako na ugonjwa, ukauona, ukanyamaza."

"Punguza sauti, tafadhali, nitaita mlinzi."

"Muite. Naye nimsimulie."

Mamduh, amepauka, akainama kuukunja waya. Nikamgeukia mzee. Najua sauti yangu ilikuwa ile ya darasani, ile inayotisha hata wasio na kosa. "Baba, mwimbaji wako hajaenda popote. Kapime masikio. Kesho, kabla hujanunua chochote humu. Uliza kwanza kama unasikia sawa pande zote mbili."

Mzee aliweka kijiko kwenye kisahani taratibu. "Binti yangu," akasema, "mimi nina miaka themanini na moja. Najua masikio yangu yalivyo. Mke wangu hayupo, watoto wako Kanada. Huyu ananipa chai na ananisikiliza. Niachie waya wangu."

Nilitoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa mlinzi na kwa polisi, si kwa hilo. Nilisimama kwenye daraja nikalia kwa hasira, magari yananipigia honi kwa sababu nilikuwa nimekanyaga njia yao, na katika hasira ile kulikuwa na fungu langu mwenyewe, ambalo nilikuwa nimelikwepa hospitali nzima. Mamduh alitazama sikio la mume wangu mara moja. Mimi nililala kando yake mwaka mzima, kuliani kwake, nikimwambia mambo gizani na kukasirika kwamba hajibu. Nilikuwa sahihi kuhusu shaba. Nilikuwa sahihi kila siku, na karatasi ikabaki jokofuni, na sikuuliza hata mara moja kwa nini mtu mwenye akili zake anatafuta kitu kwa bidii hivyo.

Nilimwambia Raouf hayo jioni ile, na nilimwambia pia habari za mzee. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mamduh ni mwizi," akasema. "Nikipata nguvu nitakwenda kumwambia mwenyewe. Lakini zile wiki mbili, Inshirah. Naapa nilisikia. Ganuni ilirudi. Sijui ilipitia wapi."

Nguvu akazipata, na alikwenda. Sijui walisemezana nini. Labib aliyemsindikiza anasema Raouf aliongea dakika tano, Mamduh hakuongea, na chai haikuletwa. Duka bado liko wazi.

Siku hizi Ijumaa tunasikiliza kwa spika moja. Nyingine Raouf ameigeuza meza ya maua, ingawa hana maua. Labib husahau akakaa upande mbaya, akasimulia hadithi nzima kwa sikio lililokufa, kisha akakasirika kwamba hakuna aliyecheka. Wiki iliyopita nilikuwa na maneno ya kumwambia Raouf kuhusu dawa ambazo hanywi kwa wakati, naye akaona usoni kwangu kwamba yanakuja. Akapigapiga kochi kuliani kwake.

"Ukitaka kunigombeza," akasema, "kaa huku."

Nikakaa kushoto.